Kama ni Asili, Nani Adaiwe?

Mji Mkongwe umejengwa kwa bahari ya zamani. Popote lipu ilipobanduka ukutani, kuanzia Shangani hadi Malindi, utaona jiwe lenye vitundu na mistari kama sega la nyuki. Hilo ni tumbawe, mabaki ya viumbe walioishi chini ya maji. Waashi walilichimba nchi kavu, wakalishikanisha kwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe ya aina hiyo hiyo, wakalaza boriti za mikoko juu yake. Lakini tumbawe haliishi nje ya maji. Lilifikaje nchi kavu?

Jibu ni kwamba bahari iliwahi kuwa juu zaidi. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, katika kipindi cha joto kati ya enzi mbili za barafu, usawa wa bahari duniani ulizidi wa leo kwa takriban mita 6 hadi 9. Sehemu kubwa ya miamba ya matumbawe inayoonekana leo kando ya pwani ya Afrika Mashariki huhusishwa na kipindi hicho. Wakati huo hapakuwa na kiwanda wala gari.

Mjomba wangu, ambaye hunywa kahawa Jaws Corner karibu kila jioni, huitumia hoja hii kunifunga mdomo. "Mwanangu," huniambia mbele ya wenzake, "unasoma shahada ya pili uje utwambie bahari inapanda? Bahari ina kwao. Ilikuja, ikaondoka. Ikirudi, imerudi kwake." Wazee hucheka, nami hucheka nao, maana nusu ya maneno yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo yenye gharama.

Tuanze na iliyo kweli. Karibu na Jambiani lipo pango la Kuumbi. Wanaakiolojia waliolichimba, akiwemo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuta kwenye tabaka zake za zamani mifupa ya wanyama wa bara, na baadaye ikatambuliwa humo mifupa ya punda milia na nyati. Punda milia hakuogelea kutoka Bagamoyo. Alitembea. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa kiasi cha mita 120. Unguja ilikuwa kipande cha bara. Pemba, inayotengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita, ilibaki kisiwa.

Aliyepiga hesabu ya enzi hizo za barafu ni Mserbia, Milutin Milanković. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta upande wa maadui. Akawekwa chini ya ulinzi Budapest, na huko akaendelea na hesabu zake. Alionyesha kwamba njia ya dunia kulizunguka jua hubadilika umbo kwa muda wa miaka 100,000 hivi, mhimili wake huinama na kuinuka kidogo kwa miaka 41,000, na dunia yenyewe huyumba kama pia ya mtoto kwa miaka kama 23,000. Kaskazini ikipata jua hafifu wakati wa kiangazi, theluji ya mwaka huu haiyeyuki yote, ya mwakani huikuta, na barafu hujengeka. Mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walichapisha ushahidi wa mapigo hayo hayo, wakiusoma kwenye tope la sakafu ya bahari. Tope hilo lilitoka kusini mwa Bahari ya Hindi, bahari yetu hii.

Sababu nyingine ya asili ilifika Unguja kwa miguu yake. Mwaka 1883, mwaka ambao Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib, mlima wa volkano wa Krakatoa ulilipuka katika nchi tunayoiita leo Indonesia. Mnamo Julai 1884, wavulana wa skuli ya wamisionari hapa Unguja walikuwa wakicheza ufukweni na mawe mepesi yanayoelea. Yalikuwa mawe ya volkano, yaliyovuka bahari nzima yakichukuliwa na mikondo. Gesi ya salfa ya mlipuko ule ilipanda juu sana angani, ikawa ukungu uliorudisha sehemu ya mwanga wa jua, na dunia ikapoa kidogo kwa miaka michache. Kisha ukungu ukaanguka na joto likarudi.

Kwa hiyo mjomba ana mashahidi wa kutosha: jiwe la ukutani, punda milia, mawe ya wavulana. Lakini kusema kwamba zamani watu walikufa bila kuuawa hakumtoi hatiani mtu aliyekutwa na kisu. Kila mshukiwa lazima ahojiwe kwa kesi hii.

Mzunguko wa dunia hufanya kazi kwa maelfu ya miaka, na kwa maelfu ya miaka ya karibuni umekuwa ukiipunguzia kaskazini jua la kiangazi, si kuliongeza. Volkano kubwa hupoza. Jua lenyewe limepimwa na setilaiti tangu mwaka 1978 na halionyeshi kupanda kunakolingana na joto hili. Tena, lingekuwa jua, anga la juu nalo lingepata joto. Badala yake linapoa huku la chini likipata joto, kama inavyotarajiwa pale gesi inapozuia joto karibu na ardhi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatumia kifaa kile kile cha wachimbaji wa Kuumbi. Wao hujua umri wa mkaa wa mapangoni kwa kupima kaboni-14, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,700 hivi. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli yamefukiwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo hayana kaboni-14 kabisa. Mwaka 1955 mwanakemia Hans Suess alieleza kwamba kaboni-14 ya hewani ilikuwa imezimuliwa na kaboni kongwe isiyo nayo. Moshi wa viwanda ulikuwa umeacha alama ya vidole. Hewa ukaa, ambayo ilikuwa sehemu 280 kwa kila milioni kabla ya viwanda, leo imepita 420. Mwisho wa enzi ya barafu, ongezeko la sehemu 100 tu lilichukua maelfu ya miaka.

Kwa nini nisiwaachie wazee kahawa yao? Kwa sababu mama yangu mkubwa analima mwani Jambiani. Kilimo hicho kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, haivumilii maji ya moto. Hulainika, huugua na kukatika kwenye kamba. Wanawake wamebaki na spinosamu, yenye bei ndogo, au wanafuata maji ya kina kirefu, na wengi wao hawajui kuogelea.

Mwaka 2022, mataifa yaliyokutana Sharm el-Sheikh yalikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa nchi zinazoumizwa na joto ambalo hazikulileta. Mfuko kama huo una maana pale tu sababu inapojulikana. Ikiwa bahari inarudi kwake tu, basi kamba tupu za mama mkubwa ni kudra, na mtu hudai nini kwa kudra? Lakini ikiwa joto hili lina moshi, na moshi una alama, basi hasara yake ni deni. Deni lina mwenye kulipa, hata akichelewa.