Utumbo Ukitoboka Huku Murungu

Nilifanya uuguzi wa chumba cha upasuaji katika nyanda za Kibondo na Kasulu hadi nilipostaafu. Vile vifuko vya ukuta wa utumbo mpana vinavyovimba na kutoboka sikuviona hata kimoja. Denis Burkitt, mpasuaji aliyekaa Uganda karibu miaka 20, alisema ni nadra kwetu Afrika, na mwaka 1971 yeye na mpasuaji mwenzake Neil Painter wakaandika kwamba chanzo ni chakula kilichokosa nyuzinyuzi.

Kwetu utumbo ulitoboka kwa kujisokota. Mzee mmoja wa Murungu aliletwa kwa machela, tumbo limewambika kama ngoma. Daktari msaidizi alipolifungua, utumbo ulikuwa mweusi, umetoboka. Aunge palepale? Kinyesi kimeshamwagika, presha imeshuka, damu ya kuongeza hakuna. Akachagua njia ya Mfaransa Henri Hartmann ya mwaka 1921, iliyoanza kwa ajili ya saratani: kata sehemu iliyooza, funga ncha ya chini, ya juu itoe nje ya ngozi. Ulaya huitumia hiyohiyo kwa vifuko vilivyotoboka, ingawa mgonjwa mwenye nguvu siku hizi huweza kuungwa mara moja.

Mifuko ya kukingia kinyesi hatukuwa nayo. Mkewe alichana kanga zake vipande, akawa anafua, anaanika, anakunja, kila siku kwa miezi mitatu, mpaka mumewe alipofunguliwa tena na kuungwa. Mnaoandika historia ya upasuaji, mwandikeni na mama huyu.