Tovuti ya serkali: wanaipima namna gani ili kujua kama kipofu, kiziwi na wengine wanaweza kuitumia

Tangazo la kazi linatoka katika ofisi ya serkali. Limeandikwa kwa ordinatere, limechapwa kwenye karatasi, mkubwa ametia sahihi na kashe, kisha karatasi inapigwa picha. Picha hiyo ndiyo inawekwa kwenye tovuti na kuzungushwa katika vikundi vya WhatsApp. Mwenye macho anasoma kwa dakika mbili, anajua delai ni siku gani. Kipofu ambaye telefone yake inamsomea maandiko kwa sauti anagusa lile tangazo na kusikia neno moja: "image". Kisha kimya.

Ajabu ni kwamba maneno yote yalikuwa tayari ndani ya ordinatere. Yalipotea wakati wa kupiga picha.

Kipofu huyo atafanya nini? Atamwita mtoto wa jirani amsomee. Kwa tangazo la kazi, si kitu kikubwa. Lakini kama ni kujaza fomu ya pasipoti, kuandika namba ya karte, tarehe ya kuzaliwa, neno la siri, ao kulipa kwa telefone, hapo anaweka maisha yake yote katika mikono ya mtu mwingine. Akidanganywa, atajua kwa nani? Ndiyo maana katika inchi nyingi serkali zinalazimishwa kupima tovuti zao: je, mtu anayeishi na ulemavu anaweza kuingia, kuelewa na kumaliza kazi yake yeye mwenyewe, bila kuombaomba msaada?

Wanapima kwa kanuni gani?

Kanuni zinazofuatwa karibu dunia nzima zinaitwa WCAG. Zinatungwa na W3C, shirika la kimataifa linalopanga namna kurasa za intaneti zinavyojengwa. Za kwanza zilitoka mwezi wa tano 1999, za pili mwezi wa kumi na mbili 2008, kisha zikaongezwa mwaka 2018 na tena mwezi wa kumi 2023. Ndani yake kuna mambo mane makubwa: kilicho kwenye ukurasa kionekane ao kisikike, kila kitu kiweze kutumika hata na asiye na mikono yenye nguvu, maneno na mpangilio vieleweke, na ukurasa ufanye kazi vizuri pamoja na vyombo ambavyo watu wanaoishi na ulemavu wanatumia. Kuna vyeo vitatu: A, AA na AAA. Serkali nyingi zinaomba AA.

Ufaransa imechukua kanuni hizo na kuzigeuza kuwa orodha yake, RGAA, yenye vipimo 106. Kwa mkaaji wa Congo orodha hiyo ina faida moja ya wazi: imeandikwa kwa Kifaransa, inapatikana bure, na fundi wa tovuti anaweza kuifuata kipimo kwa kipimo. Tena kule Ufaransa ofisi ya serkali inapaswa kutangaza kwenye tovuti yake yenyewe imefikia wapi: imetimiza yote, imetimiza sehemu, ao haijatimiza. Chini ya nusu ya vipimo, inaandikwa "non conforme", na kila mtu anaona.

Kazi yenyewe ya kupima

Kuna programu zinazopima zenyewe. Unaweka anwani ya tovuti, kisha inakuletea makosa: picha isiyo na maelezo, maandishi ya kijivu juu ya rangi nyeupe, kisanduku cha fomu kisicho na jina. Hizo zinasaidia kuanza, lakini zinaona sehemu tu. Mashini inaweza kuona kwamba picha ina maelezo. Haiwezi kujua kama maelezo yanasema kweli. Picha ya gavana akifungua daraja ikiwa imeelezwa "IMG_2043", mashini inaweza kupitisha. Kipofu hajapata kitu.

Kwa hiyo wapimaji wanachagua kurasa chache: ule wa kwanza, wa mawasiliano, wenye fomu, wa kutafuta habari, na hati mbili tatu za PDF. Kisha wanaanza kwa mikono.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Kwenye ordinatere, weka suri pembeni na utumie klavie peke yake. Bonyeza Tab, tena, tena. Je, unaona uko wapi kwenye ukurasa? Unaweza kufika kwenye kitufe cha "Envoyer"? Unaweza kutoka kwenye kidirisha kilichofunguka? Mtu ambaye mikono inatetemeka, ao aliyekatwa vidole, anatumia njia hiyo kila siku. Tovuti nyingi zinaanguka hapa hapa.

Kipimo cha pili ni sauti. Karibu kila telefone ya Android ina TalkBack ndani, iPhone ina VoiceOver. Kwa ordinatere ya Windows kuna NVDA, ambayo ni bure na ilianzishwa na kijana kipofu wa Australia, Michael Curran, mwaka 2006. Unawasha sauti, unafunika kioo, kisha unajaribu kazi moja ya kweli. Ni hapo unasikia "kitufe, kitufe, kitufe", vitatu vyote bila jina. Kimoja ni cha kutuma, kimoja cha kufuta, na hujui ni kipi.

Jambo moja dogo linasahauliwa sana: lugha. Ndani ya ukurasa kunapaswa kuwekwa alama ya kusema "hii ni Kifaransa" ao "hii ni Kiswahili". Ikiwa alama inasema Kiingereza, kwa sababu fundi alinunua mfano wa tovuti na hakugeuza kitu, sauti itasoma Kifaransa kwa matamshi ya Kiingereza. Anayesikiliza haelewi hata jina la mji wake.

Kwa wasioona vizuri, si vipofu kabisa, wanapima rangi: maandishi ya kawaida yapite rangi ya nyuma kwa kadiri ya 4,5 kwa 1. Wanaongeza pia ukubwa wa maandishi mara mbili na kuangalia kama yanabaki ndani ya kioo ao yanapandana. Tena, habari isitegemee rangi peke yake. "Jaza sehemu nyekundu" haimsaidii asiyetofautisha nyekundu na kijani.

Kwa viziwi, swali kubwa ni video. Waziri anasema kwa dakika kumi na hakuna maandishi chini: kwao ni mdomo unaotikisika tu. Na hapa watu wanakosea wakifikiri kwamba maandishi yanatosha kwa wote. Kiziwi aliyekulia katika lugha ya ishara anaweza kusoma Kifaransa kwa shida, sawa na mtu yeyote anayesoma lugha isiyo yake. Sentensi fupi na mkalimani wa ishara pembeni ya video vinamsaidia kuliko ukurasa mrefu wa maneno ya kisheria.

Mwanamke mmoja dhidi ya serkali ya Canada

Kesi inayoonyesha vizuri uzito wa mambo haya ni ya Donna Jodhan, mwanamke kipofu wa Toronto. Yeye si mtu asiyejua ordinatere. Kazi yake ilikuwa kushauri wengine juu ya mambo hayo hayo. Alijaribu kuomba kazi kupitia tovuti ya serkali ya Canada, akakwama. Mwaka 2006, wakati wa hesabu ya watu, serkali iliwaambia wakaaji wanaweza kujaza fomu kwenye intaneti. Hakuweza kuijaza yeye mwenyewe. Akaishtaki serkali.

Serkali ilijibu kwa neno ambalo hata hapa watu wangelisema: habari zilezile zinapatikana kwa njia nyingine, kwa kupiga simu, kwa posta, ao kwa kwenda ofisini. Hakimu Michael Kelen alikataa. Katika hukumu ya tarehe 29 mwezi wa kumi na moja 2010 alisema njia hizo hazilingani na kile ambacho wengine wanapata kwenye intaneti, na kwamba haki ya usawa iliyo katika katiba ya Canada ilivunjwa. Alisema tena kwamba shida ya Jodhan haikuwa ya ukurasa mmoja. Ilikuwa mfano wa kasoro iliyoenea katika wengi wa wizara na ofisi 146 za serkali. Alitoa miezi 15 ya kusahihisha. Serkali ilikata rufaa, na mwezi wa tano 2012 mahakama ya rufaa nayo ikakubali kwamba haki yake ilivunjwa.

Kinachopaswa kuangaliwa katika kesi hiyo ni kwamba Canada haikukosa kanuni. Ilikuwa nazo, zimeandikwa, tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Zilikuwa za zamani na hazikufuatwa, na ilihitajika mtu wa kujaribu, kuandika mahali alipokwama, na kupeleka karatasi hiyo mbele ya hakimu.

Na hapa Congo?

Sheria zipo. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inampa mtu anayeishi na ulemavu haki ya kulindwa kwa njia za pekee. Mwaka 2015 Congo ilijiunga na mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wanaoishi na ulemavu, na kifungu cha 9 cha mapatano hayo kinataja intaneti kwa jina. Tangu 2019 kuna waziri mjumbe mwenye kushughulika na watu hao. Na tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ikatoka sheria ya pekee ya kulinda na kuendeleza haki zao, ile namba 22/003. Mtu anayepeleka malalamiko kwenye ofisi hasemi kwamba anaomba huruma. Anataja sheria.

Kwa kupima, shirika la watu wanaoishi na ulemavu halihitaji mfadhili. Watu watano wenye hali tofauti wanatosha kuanza: kipofu, mwenye kuona kidogo, kiziwi, mwenye shida ya mikono, na mtu asiyesoma Kifaransa vizuri. Wote wanapewa kazi moja, kwa mfano kutafuta tangazo fulani na kueleza delai yake. Kila mmoja atumie telefone yake mwenyewe, kwa sababu ndiyo atatumia siku ya kweli. Asiwepo mtu wa kumnong'oneza. Hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika: mwenye huruma anasema "bonyeza hapo juu", na kipimo kimekwisha kufa.

Mtandao hafifu unaongeza shida nyingine. Ukurasa mzito ukichelewa kufunguka, mwenye macho anaona alama inazunguka. Kipofu anasikia kimya tu, na hajui kama ukurasa unakuja, umekufa, ao mega zimekwisha. Huo pia uandikwe.

Katika ripoti, kila kosa linaandikwa peke yake: anwani ya ukurasa, tarehe na saa, aina ya telefone, kilichotafutwa, kilichosikika ao kuonekana, na mahali mtu alipokwama. "Tovuti ni mbaya" haimsaidii fundi. "Kitufe cha tatu kwenye fomu hakina jina, TalkBack inasema 'bouton' tu" inamsaidia, na anaweza kusahihisha katika dakika chache. Kwa matangazo ya kupigwa picha, dawa ni nyepesi zaidi: picha yenye kashe ibaki, lakini maneno yale yale yabandikwe chini yake kama maandishi.

Kopi moja ya ripoti inabaki kwa shirika, ikiwa na kashe ya ofisi iliyoipokea. Baada ya miezi michache watu wale wale wanarudia kazi ile ile kwenye telefone zile zile, hata kama ofisi imejibu kwamba imesahihisha. Tovuti inabadilishwa kila mara, na kitufe kilichopata jina mwezi wa tatu kinaweza kulipoteza mwezi wa sita.