Mgonjwa wa akili na jamaa yake

Wengi wanasema mtu akiisha kusoma Ulaya anazarau waganga wa kwao. Thomas Adeoye Lambo hakufanya vile. Alizaliwa 1923 Abeokuta, Nigeria. Alisomea udaktari Birmingham, kisha magonjwa ya akili London. Mwaka 1954 alianza kazi Aro, karibu na kwao. Hospitali ilikuwa haijaisha kujengwa. Basi akapanga wagonjwa katika vijiji vya pale, kila mmoja pamoja na ndugu wa kumpikia na kumwangalia. Walienda hospitali kupata dawa, na waganga wa kienyeji nao walisaidia. Hivi mgonjwa akipona hakukuwa mgeni kwa watu wake. Na sisi, ndugu wasomaji, tusimfunge mgonjwa wetu kamba, wala tusimwache peke yake njiani.