Fedha za Korosho, Homa za Masika

Mwaka 1949 Nachingwea, katika mkoa wa leo wa Lindi, ilikuwa ikinguruma. Uingereza, iliyotoka vitani na uhaba mkubwa wa mafuta ya kupikia, ilikuwa imeamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu yaliyochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa kuja bara. Mwaka 1951 mradi ukafa, ukiwa umekwisha kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mwaka huohuo wa 1949, bila ngurumo yoyote, daktari mmoja wa upasuaji alihamia Mnero, misheni ya Wabenediktini katika nchi hiyohiyo ya Wamwera. Aliitwa Leader Stirling. Alikuwa amefika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935, kijana wa miaka 29, akaitumikia misheni ya Kianglikana ya UMCA upande wa Masasi, na huko Lulindi akaanzisha hospitali ya miti, udongo na nyasi. Alipoingia Ukatoliki akawafuata Wabenediktini, akakaa Mnero miaka 15. Karanga za Waingereza zimebaki hadithi ya kusimuliwa. Hospitali ya Mnero bado inatibu.

Kabla ya hapo, mkulima wa Nachingwea au wa Ruangwa jirani aliyeugua hakuwa na pa kukimbilia pengi. Alikuwepo mganga wa jadi, na sifa yake moja kubwa haikuwa dawa peke yake: aliweza kusubiri malipo mpaka mavuno. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920, serikali ya kikoloni iliziruhusu tawala za wenyeji kufungua zahanati ndogo, zikihudumiwa na madresa waliofundishwa kufunga vidonda na kugawa dawa chache. Fedha zilitoka kwenye hazina za tawala hizo, maana yake kwenye kodi ya wanakijiji wenyewe. Hospitali za misheni zilitoza ada ndogo, na pengo likazibwa kwa michango ya waumini wa Ulaya pamoja na ruzuku ya serikali. Mgonjwa mahututi alibebwa kwa machela, ndugu wakifuata nyuma na sufuria na unga, kwa kuwa kumlisha aliyelazwa ilikuwa kazi ya familia.

Uhuru ulimkuta Stirling akiwa mwanasiasa. Alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, akachukua uraia, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri wa Afya, wadhifa alioushika hadi 1980. Mtu aliyewahi kupasua wagonjwa chini ya paa la nyasi sasa alikuwa na dhamana ya zahanati za nchi nzima, katika miaka ambayo taifa lilikuwa limeamua kwamba matibabu ya serikali yasitozwe fedha. Mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali za watu binafsi za kibiashara; za madhehebu ya dini zikaachwa ziendelee, jambo ambalo kwa wilaya kama Nachingwea lilikuwa na uzito wake. Bila Mnero, na bila hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao kwa majirani, kusini kungekuwa kukavu.

Miaka miwili kabla ya uteuzi huo nchi ilikuwa imeshuhudia jambo lililostahili kukumbukwa zaidi ya linavyokumbukwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza, wakizunguka redio chini ya mwembe au katika chumba cha darasa. Walisikiliza kipindi, wakasoma kitabu kwa sauti, wakajadili, kisha wakachukua majembe: wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Mikoa ya kusini, iliyokuwa imetangulia kwa wingi wa vijiji vya ujamaa, ilikuwa na watu wa kutosha mahali pamoja kuunda vikundi hivyo. Hakuna aliyetozwa senti. Mchango ulikuwa jasho, na jasho lina uzuri mmoja, halingoji msimu wa korosho.

Baadaye mambo yakaharibika. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na kushuka kwa mazao viliikausha hazina. Zahanati za bure zikabaki na kuta, kitanda na mhudumu mwenye mshahara usiotosha. Kuanzia mwaka 1983 Denmark ilisaidia mpango wa dawa muhimu, ambapo kila zahanati ilipelekewa kasha la dawa lililofungwa tayari. Kasha lilifika, watu wakajaa, dawa zikaisha kabla ya kasha jingine. Kisha mwaka 1993 serikali ikaanza kuchangisha gharama katika hospitali zake. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wenye maradhi kama kifua kikuu na ukoma waliwekwa kando ya malipo. Maskini naye aliahidiwa msamaha, ila kwa kupitia barua ya ofisa mtendaji wa kijiji, na barua hiyo humtaka mtu asimame mbele ya jirani zake na kuomba kuandikwa kuwa hana kitu. Wengi waliona heri kukopa.

Hapa ndipo penye kiini cha historia hii. Mkulima wa Nachingwea na Ruangwa si mtu asiyeshika fedha kabisa. Anazishika kwa majira. Ufuta huuzwa kuanzia katikati ya mwaka, mbaazi zikafuata, na minada ya korosho huanza Oktoba kuelekea mwisho wa mwaka. Baada ya hapo mfuko hupungua siku hadi siku, na ifikapo Februari kaya nyingi zinahesabu debe la mwisho la mahindi. Mvua za kusini nazo hunyesha msimu mmoja mrefu, kutoka Novemba au Desemba hadi Aprili na Mei. Mbu huongezeka, njia huharibika, watoto hupandwa na homa. Ugonjwa unabisha hodi wakati sanduku limebaki na nguo tu. Ada ya papo kwa papo, hata iwe ndogo vipi, haijui kalenda hiyo.

Bima ilipaswa kuijua. Mwaka 1996 Igunga, mkoani Tabora, ilijaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao watu wameuzoea kwa herufi tatu, CHF. Kaya ililipa Sh5,000 kwa mwaka, baba, mama na watoto wakatibiwa bila kutoa kitu tena. Mwaka 2001 Bunge likautungia sheria, nchi ikiwa chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi jirani, na halmashauri moja baada ya nyingine zikaanza kupitisha sheria zake ndogo. Kila shilingi iliyochangwa na wananchi ilitakiwa kufuatwa na nyingine kutoka serikalini. Utaratibu huo uliitwa tele kwa tele, na kwa jina hilo viongozi wa vijiji wakaunadi.

Haukuenea kama ulivyotarajiwa. Kadi ya zamani ilikuwa ya zahanati ileile uliyojiandikishia. Ukiugulia ugenini, au ukiandikiwa rufaa ya wilaya, kadi ilikuwa karatasi. Mwenye kadi akifika dirisha la dawa aliambiwa dawa hamna, akanunue duka la dawa muhimu, na pale dukani kadi haikuulizwa. Wakosoaji wa mijini walizoea kusema watu wa vijijini hawana elimu ya bima. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mtu aliyelipa mara moja akakosa dawa mara tatu amefanya hesabu yake vizuri, na mwaka wa pili hakurudi.

Mwaka 2018 likaja toleo jipya, CHF iliyoboreshwa. Kaya ya watu sita ikawa inalipa Sh30,000 kwa mwaka, na kadi ikapanda ngazi: kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, na hata hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Lindi ni Sokoine. Uandikishaji nao ukahamia nyumbani. Ofisa mwandikishaji, mara nyingi mkazi wa kijiji hichohicho, alikuja na simu ya mkononi, akawapanga wanakaya mmoja mmoja ukutani na kuwapiga picha, bibi akitengeneza mtandio wake, mtoto mdogo akishikwa kichwa asigeuke. Kwa kaya ya Mkotokuyana, kata ya wilaya ya Nachingwea, huo ulikuwa ulinzi mpana kuliko wowote uliowahi kuuzwa kwa bei hiyo.

Mwaka uleule, hata hivyo, msimu wa korosho ulikwama. Wakulima walikataa bei za minadani, na Novemba 2018 Rais John Magufuli akaamuru serikali inunue korosho kwa Sh3,300 kwa kilo, jeshi likipewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa tamu. Malipo yakachelewa, kwa wengine hadi mwaka uliofuata. Kaya iliyopanga kulipia kadi baada ya mnada ilibaki na stakabadhi mkononi na masika mlangoni.

Kwa wanaushirika palikuwa na mlango mwingine. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulibuni Ushirika Afya kwa wanachama wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, wa mazao kama korosho, pamba, kahawa, chai na tumbaku, kwa Sh76,800 kwa mtu mzima na Sh50,400 kwa mtoto kila mwaka. Wazo la kukutana na mkulima ghalani, siku fedha zake zinapoingia, ndilo wazo bora lililopata kutolewa katika historia yote hii. Ila bei yake! Mwanachama mwenye watoto wanne alihitaji Sh278,400, na hapo mwenza hajahesabiwa. Ukiiweka kando ya Sh30,000 za kaya nzima, si ajabu kwamba wengi walisikiliza tangazo, wakashukuru, wakaondoka.

Lipo jambo jingine ambalo takwimu za bima hazilioni, nalo linaonekana vizuri kwenye beseni la mjamzito. Kujifungua katika kituo cha serikali ni bure kwa sera. Lakini anayekaribia siku zake hujiandaa: glovu, wembe, pamba, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika kitandani, khanga mbili tatu. Vyote hununuliwa. Anayekosa hivyo huona aibu kufika, na wapo walioamua kubaki nyumbani kwa sababu ya beseni tupu. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamefanya kazi Nachingwea, Ruangwa na wilaya jirani tangu miaka ya 2000. Mradi wao wa Mtunze Mtoto Mchanga ulitumia zaidi ya wanawake 800 wa kujitolea, waliotembelea wajawazito na wazazi majumbani. Waliojifungulia vituoni waliongezeka na malezi ya kichanga yakaboreka, lakini vifo vya watoto wachanga havikuonyesha kupungua kwa tofauti iliyo wazi. Ushauri wa jirani humfikisha mama mlangoni. Ndani anahitaji mkunga, dawa na vifaa.

Majengo yameongezeka, hilo haliwezi kukataliwa. Fedha za tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, zilizokatwa hata kwa anayemtumia mama yake Sh10,000 kijijini, zilijenga vituo vya afya vya tarafa nchini kote. Mtwara imepata hospitali ya rufaa ya kanda. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, limefuta zile siku za mgonjwa kulala kwenye kivuko cha Rufiji akielekea Muhimbili. Na Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi awe na bima na kuanzisha mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, kwa kutumia vyanzo kama kodi za vileo, vinywaji baridi na michezo ya kubahatisha. Sheria hiyo imekubali kwamba wapo watu ambao hawatalipa hata ukiwasubiri mpaka mnada.

Kwa waliobaki, yaani wengi, suala la siku ya kukusanya michango linabaki mikononi mwa ushirika na halmashauri. Makato ya korosho tayari yanalalamikiwa, na kuongeza jingine bila ridhaa ya wanachama kungekuwa kuchokoza nyuki. Ndiyo maana mahali pa kuamua ni mkutano mkuu wa AMCOS, kabla ya mnada wa kwanza wa Oktoba, kila mwanachama akiandika mwenyewe kwamba anakubali mchango wa kaya yake ukatwe kwenye malipo. Mwanachama wa Nachingwea au Ruangwa atakayehudhuria mkutano huo aende na maswali mawili: michango ya mwaka jana ilinunua dawa gani katika zahanati ya kijiji chake, na je, fedha za tele kwa tele kutoka serikalini zilifika?