Cha Kuazima na Cha Kuunda: Mwanzo wa M-Pesa

Msomaji, ukipita leo katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, toka Kaloleni na Jericho hata Kayole, utawaona mawakala wa M-Pesa karibu kila penye njia panda. Jambo lililozoeleka hudhaniwa kuwa lilikuwapo siku zote. Lakini mwanzo wa jambo hili una somo kwa kila atakaye kuunda kitu kipya.

Mnamo Oktoba 2005, kampuni ya Vodafone ya Uingereza, pamoja na Safaricom na shirika la mikopo la Faulu Kenya, zilianza jaribio la kumwezesha mkopaji kulipa deni lake kwa simu. Jaribio lilifanyika katikati ya Nairobi, mjini Thika, na katika mtaa wa Mathare wenye watu wengi na mabenki machache. Walioongoza kazi walikuwa Nick Hughes na Susie Lonie.

Hapo palikuwa na swali gumu. Simu za wakati ule zilikuwa za namna nyingi, na programu iliyoandikwa kwa simu ya kampuni moja mara nyingi haikufaa katika simu ya kampuni nyingine. Je, liundwe tabaka jipya la programu, lenye kuzifanya simu zote zisikie lugha moja? Au kitumike kilichokwisha kuwapo? Aundaye chake ana uhuru. Lakini kila simu mpya iingiapo sokoni, hana budi kurudia kazi. Wazee walinena: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mbacha wenyewe ulikuwa kile kikadi kidogo tukiitacho laini. Tangu miaka ya 1990, mafundi wa Ulaya walikuwa wamepatana juu ya kanuni moja, ambayo kwayo laini yaweza kubeba orodha ya maagizo, na simu ikaionyesha kwa mwenyewe. Basi orodha ya M-Pesa ikatiwa ndani ya laini. Mchuuzi wa Mathare hakuhitaji simu ya thamani. Alibadilisha laini tu.

Hata hivyo, usidhani kwamba kila kitu kiliazimwa. Daftari la hesabu, lijualo nani ana shilingi ngapi, lilikuwa kiini cha kazi, nalo liliandikwa mahsusi na kampuni ya Sagentia ya Cambridge. Tena watumiaji wenyewe walifundisha jambo. Hawakulipa mikopo tu. Wafanyabiashara walilipana, na wasafiri waliweka fedha mahali pamoja wakazitoa kwingine. Kwa hiyo M-Pesa ilipozinduliwa tarehe 6 Machi 2007, ilitangazwa kuwa njia ya kutuma fedha nyumbani, na kabla ya mwaka kutimia ilikuwa na wateja zaidi ya milioni moja.

Lakini kila cha kuazima kina gharama yake. Kwa miaka mingi mitambo mikuu ya M-Pesa ilikaa ng'ambo, nchini Ujerumani. Fedha za Gikomba zilihesabiwa mbali, na mtambo ukisimama huko, mchuuzi wa hapa hana la kufanya ila kungoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2015 mitambo ilihamishiwa Kenya, pamoja na mfumo mpya ulioundwa na Huawei ya Uchina. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua mlango uitwao Daraja, ili waandishi wa programu waunganishe kazi zao na M-Pesa pasipo kuunda daftari jingine. Aliyeazima jana amekuwa mwenye kuazimisha.

Basi, kijana, siku utakapokaa kuandika programu yako, usione haya kutumia maktaba za programu zilizoandikwa na wengine. Maisha ni mafupi, na gurudumu limekwisha kuundwa. Lakini jiulize maswali mawili. Kiini cha kazi yangu ni kipi? Na hiki nilichoazima kikivunjika, nani atakitengeneza, naye yuko wapi? Asiyeweza kujibu la pili amejenga juu ya kiwanja cha mtu.