Nani Anamsemea Mtoto Mchanga?

Mtahiniwa akikuta katika kitabu teule mtoto mchanga aliyelia usiku kucha, huwa mwepesi kuandika kwamba mtoto huyo anamwonea baba yake wivu, kisha akamtaja Freud ili apate alama. Mwalimu mwenzangu, kabla hujampa alama hizo, muulize amejuaje. Mtoto hajatamka neno.

Swali hili liliwagawa wachanganuzi nafsi wenyewe. Mnamo 1943, London ikiwa vitani, Susan Isaacs aliwasomea wenzake makala ya kutetea mawazo ya Melanie Klein: kwamba mtoto wa miezi michache ana njozi akilini, titi linaloshibisha likiwa jema na linalokawia likiwa adui. Anna Freud na wafuasi wake walipinga. Waliona akili ya umri huo haijaweza kubeba njozi za namna hiyo. Utakumbuka kwamba Klein alianzia kwenye michezo ya watoto waliokwisha kujua kusema, akarudi nyuma kukisia. Mwaka 1985 Daniel Stern alitenganisha mtoto anayetazamwa na yule anayebuniwa upya na mganga kutokana na maneno ya wagonjwa wake.

Wazee wa Kijaluo, kuanzia Kisumu hadi Asembo na Uyoma, walikuwa na jibu lao. Mtoto hupewa jina la wakati aliozaliwa: Otieno wa usiku, Achieng' wa jua kali. Lakini akilia bila kukoma, ameshanyonya na hana homa, jamaa waliofariki walitajwa mmoja mmoja. Jina alilonyamazia likawa lake, jina la juogi, yaani roho ya jamaa huyo. Hapa pia mtu mzima ndiye anayemsemea mtoto. Ila tazama tofauti: mtoto anaweza kukataa. Akiendelea kulia, jina limeanguka, linajaribiwa jingine. Sijui kama Klein alimpa mtoto wake nafasi hiyo. (Mwenye shaka atasema mtoto alichoka tu, naye ana haki.)

Kusini zaidi, katika milima ya Kisii, Robert LeVine na wenzake walichunguza malezi ya Wagusii katika miaka ya 1970. Akina mama waliwabeba watoto, wakawanyonyesha upesi walipolia, lakini hawakuwatazama sana usoni wala kuzungumza nao. Msomaji wa haraka angeandika 'mama hana upendo'. Lengo la mama lilikuwa mtoto aishi na atulie. Mazungumzo yangekuja baadaye, tena na watoto wenzake.

Ndiyo maana napenda kufundisha bembezi kwa kuanza na nafsineni. Anayeimba mara nyingi si mama bali japidi, msichana mdogo anayelea mtoto mama akiwa shambani au sokoni. Njaa, uchovu na hofu vilivyomo katika wimbo ni vya japidi. Mtoto ni nafsinenewa. Kilio chake tunakipata kupitia kinywa cha mwingine.

Riwaya ina kesi moja ya pekee. Msimulizi maizi anaweza kuingia akilini mwa mtoto wa wiki mbili na kutuambia anachowaza. Hapo mtahiniwa anayo haki ya kukieleza, mradi ataje ni msimulizi aliyesema, na wapi.