Utaji wa Bibi Arusi na Msharasi wa Fundi Viatu

Katika masanduku ya familia nyingi za hekalu letu umo utaji wa hariri, odhani, uliovaliwa na bibi siku ya arusi yake. Hufunika kichwa, huteremka mgongoni, na upindo wake huvutwa usoni mbele ya baba mkwe. Aliyeuvaa tunamjua. Aliyeutarizi hatumwulizii.

Huko Kachchh, katika Gujarat, wanawake wa vijijini walitarizi wenyewe mavazi yao ya arusi. Lakini atlasi bora, iliyovaliwa katika jumba la mtawala wa Bhuj na katika nyumba za matajiri, ilitiwa nakshi na wanaume, tena wanaume wa jamii ya Mochi, yaani washona viatu. Chombo chao, ari, ni ndugu mwembamba wa msharasi wa kutobolea ngozi. Kitambaa kiliwambwa juu ya fremu ya mbao. Mkono wa kushoto ulishika uzi chini. Wa kulia ulichoma kwa ari yenye ndoana nchani, ukauvuta uzi juu, kitanzi ndani ya kitanzi, hata likatokea ua, kasuku au tausi. Katika karne ya 17 kazi za mshono huo zilisafirishwa mpaka Uingereza, zikawa mapazia ya vitanda vya wakubwa.

Hapa pana jambo ambalo wazee wetu hawakupenda kulitaja. Kazi ya ngozi ilihesabiwa duni. Hata hivyo, mikono iliyozoea ngozi ndiyo iliyompamba bibi arusi mbele ya moto mtakatifu, na ndiyo iliyotarizi mapazia ya kutundikwa nyuma ya sanamu mahekaluni. Kazi ilisifiwa kuliko mtendaji.

Majirani zetu wenye leso na kanga za mama zao watatuelewa tukisema kwamba nguo ya kichwani si kitambaa tu. Nasi tumeona taji za zari zikichomwa moto ili kupata fedha iliyomo, na nyingine zikikatwa kuwa foronya. Hasara hiyo hailipiki, nasi wafanyabiashara tunajua kuhesabu.

Basi tunawaomba wenye nguo hizo wasizitie katika mifuko ya plastiki. Zizungushiwe pamba nyeupe iliyofuliwa, na kila mwaka zikunjwe upya pasipokuwa na kunyanzi la zamani, maana hariri hukatikia hapo. Ndani yake kiwekwe kikaratasi: nani aliivaa, ilitoka kijiji gani, na ikijulikana, nani aliitarizi.